Mwenye Ukumbi

Mvua za mwaka juzi zilipoharibu barabara ya kupandia Sumbawanga, mjukuu wangu aliyekuwa amekuja kunisalimu alikwama hapa Muze kwa siku nne. Anayeijua njia ile inavyoteremka kutoka Ntendo, ikiukata ukuta wa Lyamba lya Mfipa mpaka huku Bondeni, hatashangaa. Juu kuna baridi na chini kuna joto, na kati yake kuna tope. Tope likishika, wa juu hubaki juu na wa chini hubaki chini.

Siku ya pili, baada ya habari za ukoo kwisha, alifungua kompyuta yake mpakato akaniambia, "Babu, nina filamu mbili za wanamuziki. Zote ni za mapenzi, lakini usiwe na wasiwasi, hazitakuaibisha mbele yangu." Nikamjibu kwamba mtu wa miaka yangu, aliyekwisha kupita sabini, hana tena cha kuogopa katika habari za mapenzi. Nilisema hivyo kwa kujiamini, kama tulivyozoea kusema sisi walimu. Nilikuwa nimekosea.

Tulianza na ile ya Kongo. Inaitwa La vie est belle, yaani Maisha ni Mazuri, nayo ilitoka mwaka 1987, wakati nchi ile ingali ikiitwa Zaire. Iliongozwa na watu wawili, Benoît Lamy wa Ubelgiji na Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, ambaye baadaye filamu yake nyingine, Pièces d'identités, ilipata tuzo kuu ya tamasha la FESPACO kule Ouagadougou mwaka 1999. Watu wake huzungumza Kifaransa, lugha ambayo mimi sikuipata chuoni wala kanisani, lakini chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Nyimbo nazo zilikuwa na Kilingala kile kile tulichokisikia miaka nenda miaka rudi bila kukielewa na bila kuona hasara yoyote.

Maana sisi wa Ufipa tumetengwa na Kongo na maji ya Ziwa Tanganyika tu, na maji hayajawahi kuzuia muziki. Nilipokuwa mwalimu kijana, redio moja yenye betri nzima ilitosha kukusanya nusu ya kitongoji wakati wa jioni. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alipokuja Dar es Salaam mwaka 1978 hatukumwona mgeni, na alipofariki mwaka 2010 tulimlilia kama wetu. Kwa hiyo nilipomwona Papa Wemba katika kioo kile kidogo, nilikuwa kama mtu anayeonyeshwa sura ya jirani ambaye kwa muda mrefu amekuwa akimsikia tu nyuma ya ukuta.

Hadithi yenyewe haina mafumbo. Papa Wemba ni Kourou, kijana maskini mwenye kipaji, anayeacha kijiji chake na kwenda Kinshasa kutafuta muziki wa magitaa ya umeme, wa redio na televisheni. Mjini kila mtu anajitafutia riziki kwa ujanja wake, naye anajifunza hivyo hivyo. Hatimaye anapata kazi ya uboi katika nyumba ya tajiri mmoja, Nvouandou, mwenye ukumbi wa muziki. Kijana anampenda msichana aitwaye Kabibi, jina ambalo kwa Mswahili halihitaji mkalimani. Kumbe tajiri naye anamtaka huyo huyo. Nguvu zake za kiume zimempungukia, na mganga amemwagiza aoe binti ambaye hajaguswa, kisha akae naye bila kumgusa mpaka siku alizopangiwa zitimie. Mama wa binti anaiona fedha, anakubali. Mke mkubwa, Mamou, hakubali hata kidogo, na hapo ndipo vichekesho vinapokolea. Mwisho wake Kourou anapanda jukwaani na kuimba, na Kabibi anakuwa wake.

Si filamu iliyotengenezwa kwa fedha nyingi, na mimi niliipenda zaidi kwa sababu hiyo. Mitaa ni mitaa kweli, vumbi ni vumbi kweli, na aliyewekwa aimbe ni mwimbaji kweli. Mama yake Papa Wemba alikuwa mwombolezaji, mwanamke wa kuimba misibani, na mwanawe alikuwa akifuatana naye. Huko ndiko alikojifunzia ile sauti nyembamba inayopanda kama moshi wa asubuhi. Alikuwa miongoni mwa vijana wa mwanzo wa Zaïko Langa Langa mwaka 1969, akaanzisha Viva la Musica mwaka 1977, na tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani mjini Abidjan akifanya kazi hiyo hiyo, akafariki. Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa jinsi ya kuigiza mwanamuziki. Hata hapa kwetu, filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, ambayo wengi huihesabu kuwa miongoni mwa zilizofungua soko la filamu za Kibongo, iliwategemea vijana wa bongo fleva wenyewe, akiwemo TID. Penye fedha kidogo, sauti ya kweli hufidia mengi.

Mjukuu wangu alicheka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa upande wa Kourou, kama inavyompasa kijana. Mimi nilicheka hadi katikati, kisha kicheko kikaniishia, na kwa muda sikujua sababu. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kumtazama kijana. Nilikuwa namtazama Nvouandou. Sikuwa nikifikiria ugonjwa wake, wala fedha zake ambazo sijawahi kuwa nazo. Nilimtazama kwa sababu yeye ndiye mwenye ukumbi. Kijana ana wimbo, msichana ana moyo wake, lakini ufunguo wa mahali pa kuimbia uko mfukoni mwa mtu mzima, na mtu mzima huyo hana habari kwamba boi anayempigia pasi ana sauti.

Mwaka ule ule wa 1987 mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Bondeni. Jina lake naliacha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si la shule. Tuliletewa walimu wawili vijana. Mmoja alikuwa mvulana mrefu, mpole, aliyeshuka kutoka kwenye lori akiwa na sanduku la bati mkono mmoja na gitaa kavu lililofungwa katika gunia mkono wa pili. Mwingine alikuwa binti wa huko juu Ufipa, mwenye sauti ya kwanza iliyokuwa ikisikika hadi kisimani. Nilimkabidhi binti kwaya ya shule. Kijana akajitolea kumsaidia.

Katika muda wa muhula mmoja kwaya ile ilibadilika. Watoto waliokuwa wakikimbilia mtoni kila kengele ya mwisho ilipolia walianza kubaki. Watoto wakishatawanyika, wale walimu wawili walibaki katika darasa la tano, mlango wazi na madirisha wazi, wakitunga wimbo kwa ajili ya mahafali ya darasa la saba. Nilipokuwa ofisini nikisahihisha andalio la masomo, niliwasikia wakirudia mstari mmoja mara kumi, mara ishirini, wakisimama na kucheka na kuanza tena. Wanawake waliotoka kuchota maji walitua ndoo chini ya dirisha. Hawakuwa wakifanya ubaya wowote. Narudia, hawakuwa wakifanya ubaya wowote. Lakini kijijini watu wawili wakiimba pamoja kila jioni, wa tatu huanza kutunga maneno yake.

Wajumbe wawili wa kamati ya shule walinijia. Walisema wazazi wananung'unika, ati walimu wanafundisha watoto uhuni. Mimi nilikuwa nimefunzwa chuo cha ualimu nyakati ambazo mkufunzi alituambia kwamba mwalimu ni kioo cha jamii, kikipata alama jamii nzima itaiona usoni pake. Nikawaita wale vijana mmoja mmoja, nikawahutubia juu ya kioo. Nikapiga marufuku mazoezi ya jioni. Darasa la tano nikalitia kufuli, na ufunguo nikauweka katika mfuko wa shati, juu ya moyo. Hilo nalo halikunitosha. Niliandika barua kuomba mmoja wao ahamishwe, na ndani yake nikatumia maneno ambayo naweza kuyaandika tena nikiwa nimefumba macho: "kwa maslahi ya shule." Likizo ilipokwisha, binti alipangiwa shule nyingine, huko juu. Mahafali yalifanyika bila wimbo. Mgeni rasmi alihutubia kwa muda mrefu sana.

Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba nililinda heshima ya shule. Ilinichukua muda kukiri kwamba lilikuwepo jingine. Mikutano yangu ya wazazi ilikuwa ikihudhuriwa na watu kumi na wawili. Chini ya lile dirisha walisimama thelathini, tena bila kupigiwa kengele. Mwenye ukumbi hapendi kuona watu wamejaa kwa ajili ya mtu mwingine. Na jambo linaloniuma kuliko barua ni hili: kutoka ofisini kwangu hadi darasa la tano palikuwa na hatua kama thelathini hivi, na sikuwahi hata mara moja kwenda kuketi kwenye dawati la mtoto, nikawaambia, "Haya, imbeni tusikie." Niliuhukumu wimbo ambao sikuusikia mpaka mwisho wake.

Nilimwomba mjukuu wangu tupumzike. Usiku ule mvua ilinyesha tena, na kesho yake akaniwekea filamu ya pili.

Hiyo ni ya Ireland, inaitwa Once. Mwongozaji wake, John Carney, zamani alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya The Frames, na mwigizaji wake mkuu, Glen Hansard, ndiye mwimbaji wa bendi hiyo. Msichana ni Markéta Irglová, kutoka Jamhuri ya Cheki, mpiga piano. Walipiga picha mjini Dublin kwa siku 17 tu, Januari 2006, kwa takriban dola 150,000 za Marekani, ambazo kwa mambo ya filamu za kwao ni kama nauli ya basi. Sehemu nyingine za mtaani walizipiga wakiwa mbali na kamera, hata wapita njia hawakujua kwamba wamo katika filamu. Ilitoka mwaka 2007.

Wahusika wake wawili hawatajwi majina. Mwanamume anatengeneza mashine za kufagilia mazulia katika duka la baba yake, na wakati mwingine anasimama barabarani na gitaa lake kuukuu, kasha likiwa wazi kwa sarafu. Msichana ni mhamiaji, anauza maua, anaishi na mama yake na mtoto wake mdogo, na mumewe yuko mbali. Wanakutana kwa sababu ya wimbo. Mashine ya msichana imeharibika, na kesho yake anamletea, akiikokota barabarani kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba. Mjukuu wangu alidhani nitachoka, kwa kuwa hakuna ugomvi, hakuna tajiri, hakuna mganga. Sikuchoka. Nilianza kuhesabu watu wazima.

Wa kwanza ni mwenye duka la ala za muziki. Msichana hana uwezo wa kununua piano, lakini mzee yule anamruhusu kupiga moja ya dukani wakati wa mapumziko ya mchana. Humo ndimo wanamopatana kwa mara ya kwanza kuimba pamoja, wakianza kwa kubahatisha, huyu akimfuata yule. Wa pili ni mtu wa benki. Wanakwenda kuomba mkopo wa kurekodi nyimbo zao. Anausikiliza wimbo, kisha naye anashika gitaa na kuimba wa kwake, vibaya kidogo, na mkopo anawapa. Wa tatu ni fundi wa studio, aliyewapokea kwa uvivu, kama tunavyowapokea watu tuliokwisha kuwadharau. Wimbo wa kwanza haujafika mbali, amekaa sawa kwenye kiti. Wa nne ni baba mwenye duka la mashine. Kijana anamwekea kanda, mzee anaisikiliza bila kusema neno, na ilipokwisha anamsifu na kumsaidia aende London, ingawa atabaki peke yake na mashine zake.

Wanne hao hawakufanya jambo kubwa. Walisikiliza kwanza, wakaamua baadaye. Na mapenzi yenyewe? Hayakufikia ndoa, wala hayakufikia kile ambacho wajumbe wangu wa kamati walikiogopa. Kuna mahali mwanamume anamwuliza msichana kama bado anampenda mumewe, naye anamjibu kwa Kicheki jambo ambalo mwanamume haelewi, na hakubali kumtafsiria. Mwisho mwanamume anaondoka, lakini kabla ya kuondoka anamnunulia piano. Kila mmoja anashika njia yake, na wimbo unabaki mahali salama. Nilijiuliza kama wale walimu wangu wawili nao wasingeishia hivyo, kila mmoja na maisha yake, bila mkono wangu kuwaharibia jioni zao.

Mjukuu wangu aliniongezea habari moja ambayo haimo katika filamu. Februari 2008 wimbo wao ulipata tuzo ya Oscar kule Marekani. Wote wawili walipanda jukwaani. Mwanamume akashukuru, msichana aliposogelea kipaza sauti, muziki wa kuwaondoa ukapigwa, akashuka bila kusema. Baada ya matangazo ya biashara, mshereheshaji Jon Stewart akamrudisha jukwaani aseme maneno yake. Akayasema, mafupi na mazuri, juu ya kutokata tamaa. Nilimwomba mjukuu wangu anirudie habari hiyo. Kumbe inawezekana! Umemkatiza mtu mbele ya dunia nzima, na dakika chache baadaye unaweza kumwambia, rudi, hatukukusikia.

Mimi dakika zangu zilikuwa zimekuwa miaka. Yule mwalimu kijana alifundisha mwaka mmoja tu baada ya barua yangu. Gitaa alimwuzia mchuuzi wa samaki wa Ziwa Rukwa, akaacha kazi, akaelekea Kigoma, na katika miaka ya tisini tukapata habari kwamba amefariki. Yule binti aliendelea na ualimu mpaka akastaafu.

Barabara ilipokauka mjukuu wangu aliondoka. Miezi michache baadaye nilipanda juu kwenye msiba wa rafiki yangu, na huko, katikati ya akina mama waliokuwa wakipika nje, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa sura. Ana mvi sasa, na wajukuu.

"Marahaba, Mwalimu," nilimjibu. Tuliulizana habari za nyumbani, za afya na za mashamba. Kisha nikamwambia yale niliyokuwa nimeyapanga tangu siku zile za mvua: kwamba ile barua niliiandika mimi, kwamba haikuwa haki, na kwamba naomba radhi. Alikuwa akijua kuhusu barua. Alisema walijua wote wawili tangu wiki ile ile. Hakunikasirikia, wala hakuniambia kwamba si kitu.

Nikamwomba jambo moja la mwisho. Nilimwuliza kama anaweza kuniambia maneno ya ule wimbo wa mahafali, hata ubeti mmoja.

Alifikiri kwa muda, mwiko mkononi. "Nimeusahau, Mwalimu," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiukumbuka."

Akaniuliza kama mpunga wa Bondeni umekubali mwaka huu, nikamwambia umekubali. Kisha akaitwa jikoni.

Jirani na nyumba yangu hapa Muze pana mwembe ambao vijana hukutania jioni, baada ya shamba. Wana simu, wana kispika kidogo, na mmoja wao ana daftari la nyimbo anazotunga mwenyewe. Zamani niliwatuma watoto wakawaambie wapunguze kelele. Wiki iliyofuata ule msiba nilichukua kigoda changu nikaenda kuketi nao. Walinyamaza wote, wakasimama kuniamkia, wakidhani nimekuja kuwafukuza. Niliwaambia waendelee. Mwenye daftari alikuwa amefika katikati ya wimbo, nikamwomba aanze upya tangu mwanzo, kwa sababu mimi nilikuwa sijausikia.

Sikuupenda sana. Ulikuwa na makelele, na maneno mengine hayakuwa ya rika langu. Niliusikiliza mpaka mwisho.